Siku Glodie Alipoitika

"Yeye mwenyewe, na kinywa yake mwenyewe," Muteba alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Si picha, si karatasi ya ubatizo, si barua ya padri. Mutoto anasimama mbele ya meza, banaita jina yake, anajibu. Anasema jina ya baba yake na namba yake ya jeshi. Akinyamaza, banamukata."

Mama Lucienne alikuwa amechutama mbele ya mlango wake, mikono imejaa magamba ya samaki wakavu waliofika jana kwa baiskeli kutoka Kinkondja. Hakuinuka. Aliendelea kuparua, kana kwamba karani wa kambi amekuja kununua.

"Banamukata mu nini?"

"Mu liste ya bayatima, Mama. Na ukibakia bila yatima mu liste, nyumba banakunyanganya, banapatia muntu mwengine. Nyumba ya kambi iko ya batoto ya marehemu, haiko ya bibi yake. Minyi sikuandika ile sheria. Minyi naisoma tu."

"Na kama mutoto hawezi kusema mbele ya bantu?"

Muteba alichungulia ndani, mahali ambapo pazia lilikuwa bado linacheza. Glodie alikuwa amekaa pale mlangoni dakika moja iliyopita. Aliposikia viatu vya mgeni akatoweka kama alivyozoea. Muteba alimjua mtoto huyo tangu akiwa mgongoni. Marehemu Ajida Lumbala, baba wa mtoto, alikuwa rafiki wa Muteba wa kunywa naye na kugombana naye.

"Minyi namujua," alisema kwa sauti ya chini. "Bale ba Kinshasa habamujue. Ijumaa, saa mbili ya asubui, mu hangari ya zamani. Panga mambo yako, Mama."

Panga mambo yako! Hivyo ndivyo wasemavyo watu wenye kalamu wakitaka ujitie kitanzi mwenyewe, wao mikono yao ibaki safi.

Kama hujaishi kambini Kamina, hujui neno kontrole linavyokausha mate. Kila miezi sita wanashuka watu na mikoba yao kuja kuhakikisha kama wajane ni wajane kweli na yatima wanapumua. Na wala hawaonei bure, tuseme ukweli. Kuna mama mmoja wa mstari wa tatu aliyezaa wawili akaandikisha saba. Kuna mwingine aliyeandikisha mbuzi, jina la ubatizo na kila kitu, na mbuzi huyo akala mchele wa serikali miaka miwili. Basi kwa ajili ya mbuzi mmoja, kila mtoto wa kambi alitakiwa athibitishe kwamba yeye ni mtu.

Kontrole iliyopita Glodie, msichana wa miaka kumi na mitano, alisikia jina lake likiitwa mbele ya watu mia mbili, akaingia chini ya meza ya maofisa. Alijiziba masikio, akaanza kuvuma mdomo umefungwa, na mkojo ukamtoka. Watoto walicheka. Karani mmoja akainua miguu ili viatu visilowe, kisha akatia alama ya kuuliza mbele ya jina lake. Alama hiyo ndiyo sasa ilikuwa inarudi kudai jibu lake.

*

Kambini kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya mtoto wa Lucienne. Wanawake wa bomba la maji walisema ni kiburi. Unamsalimia, anageuza uso. Unamnyoshea mkono, anauficha wake mgongoni. "Ile kiburi ametoa wapi?" walikuwa wakiulizana, na walihakikisha Lucienne anasikia. "Baba yake alikuwa ajida tu, hakukuwa jenerali!" Na wanacheka, wanajitwisha maji, wanakwenda.

Watu wa chumba cha maombi walisema ni pepo bubu. Walimfungisha siku tatu bila chakula, wakamwekea mikono kichwani wote kwa pamoja, watu tisa wakipiga kelele, na Glodie akamng'ata mwombezi kidole. Ikawa ndiyo ushahidi wa pepo. Shuleni mwalimu alimsimamisha ubaoni aimbe mbele ya wenzake ili woga umtoke. Woga haukumtoka, yeye ndiye aliyetoka, na hakurudi tena. Mwaka wa pili sasa alikuwa anakaa nyumbani akipanga samaki wa mama yake kwa ukubwa, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyewahi kuona mkubwa kaingia kwenye fungu la wadogo.

Mtu mmoja tu ndiye alisema jambo lingine. Masere Sylvie, mtawa wa zahanati ya parokia, alikuwa amefundishwa Lubumbashi, na siku moja alimkalisha Lucienne kwenye benchi akamwambia polepole:

"Ile hali iko na jina, Mama. Banaita otisime. Haiko pepo, haiko kiburi. Mutoto yako anasikia kila kitu kwa nguvu: sauti, mwangaza, macho ya bantu. Na sasa amekomaa, amejua kama bantu banamucheka. Njo maana anaogopa. Woga yake iko na sababu."

"Itapona?"

"Haiko malaria. Lakini anaweza kujifunza, kama hamumukimbize."

Lucienne alirudi nyumbani na neno hilo, akalificha kama mtu anavyoficha karatasi asiyoweza kuisoma. Alimuuliza mwanawe mara moja tu: "Juu ya nini unakimbia bantu, mama?" Na Glodie, ambaye kwa mama yake aliongea vizuri tu, akajibu huku akipanga samaki: "Macho yabo iko na makelele."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini aibu ya mwana, jamani, nayo ni mzazi anayeijua, na siku nyingine hivyo viwili vinapigana ndani ya kifua kimoja hadi mtu hajui kipi kimeshinda.

*

Baada ya Muteba kuondoka, Lucienne alifunga duka lake la beseni mbili akaenda zahanati. Masere Sylvie alisikiliza, akaomba kalamu nene, na siku hiyohiyo akaketi na Glodie nyuma ya ukuta, mahali pasipo watu. Waliandika karatasi. Ilikuwa na mistari mitano, herufi kubwa, na Glodie aliishika kwa mikono miwili akiirudia, hadi lile prezanti, neno la kuitika "nipo":

Moja: Ijumaa nitatembea mpaka ku meza.
Mbili: Nitaangalia ukuta.
Tatu: Nitasema, Lumbala Glodie, prezanti.
Ine: Nitasema jina ya baba na namba yake.
Tano: Nitarudia kwa mama.

"Namba unaijua?" Masere aliuliza.

Kwa namba Glodie hakuhitaji kufundishwa. Baba yake alizoea kumbeba mabegani akizunguka uwanja na kuimba namba yake ya jeshi kama wimbo wa kubembeleza. "Mbili zero ine, saba saba moja, kenda tatu," Glodie alisema, akiyumba kidogo.

"Muzuri sana. Sasa unahitaji bantu ya kujizoeza."

Bantu! Watu wa kujizoeza naye angewatoa wapi, msichana ambaye hata kuku wa jirani anamkimbia? Lakini Jumanne, Lucienne alipotoka kununua chumvi na kurudi kimyakimya, alisikia sauti nyuma ya nyumba. Alichungulia. Glodie alikuwa amepanga samaki wakavu wote juu ya mkeka, safu kwa safu, vichwa vimeelekea kwake, macho yao makavu yamemkodolea. Walikuwa wengi, kama sabini hivi. Yeye alisimama mbele yao, karatasi mkononi, akitazama ukuta juu ya vichwa vyao.

"Lumbala Glodie, prezanti," aliwaambia samaki.

Akarudi nyuma, akatembea tena, akasema tena. Mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo. Mara ya sita ilikuwa sauti nzima. Halafu akaruka hadi mstari wa tano: alikwenda kwenye kigoda ambacho mama yake hukalia, akasimama kando yake, akakishika.

Lucienne aliziba mdomo kwa kikwembe. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyoharibu. Badala ya kunyamaza na kumwacha mtoto na samaki wake hadi Ijumaa, alikimbia nyumba ya pili kumwita jirani aje aone.

*

Jirani huyo, Mama Émerence, alikuwa mke wa sajini, mwanamke mnene mwenye huruma ya kelele. Ukuta mmoja uligawa nyumba zao. Alikuja na kijiko cha mboga ya sombe bado mkononi, na nyuma yake binti yake Chancelvie, miaka kumi na sita, mwimbaji wa mbele katika kwaya, mdomo haufungwi hata akilala.

"Haya, Glodie!" Émerence alisema, akapiga makofi. "Mama yako anasema umekuwa avoka ya ku korti! Sema basi tusikie!"

"Sema, mama," Lucienne alibembeleza. "Vile ulikuwa unasema na samaki."

"Na samaki?" Chancelvie akacheka.

Glodie alijiziba masikio. Alitazama ukuta, lakini ukutani kulikuwa na kivuli cha Émerence na kijiko chake. Akaanza kuvuma. Kisha akachutama katikati ya samaki, akajikunja, na hata Lucienne alipomvuta mkono hakuinuka. Samaki wawili walivunjika chini ya goti lake.

"Mungu wangu," Émerence alisema. "Na siku tatu tu zimebakia."

Walipokwisha kwenda, Glodie aliokota vipande vya samaki akavipanga. Bila kumtazama mama yake alisema: "Leo haiko Ijumaa. Na haiko meza."

Lucienne alisikia maneno hayo kwa masikio tu. Akili yake ilikuwa tayari inapakia vyombo, inabeba magodoro, inalala kwenye veranda ya shemeji mjini ambaye hakumpenda tangu siku ya harusi. Miaka kumi na moja alikuwa amefagia uwanja huo. Mume wake alitolewa kwa mlango huo, miguu mbele.

Alasiri Émerence alirudi peke yake, akaketi, akashusha sauti.

"Sikia, dada. Minyi sipendi kuona muntu anateseka na dawa iko. Nakupatia Chancelvie. Nusu saa tu. Ba Kinshasa habajue sura ya mutoto yako. Walimuona chini ya meza, walimuona mugongo."

"Na Muteba?"

"Muteba njo alikuambia upange mambo, ao hapana?"

Lucienne alitazama mikono yake. "Na Glodie?"

"Glodie gani? Glodie atabakia nyumbani na samaki yake, kimya, bila kuteswa na muntu. Ile haiko kumusaidia? Unataka ajikojolee tena mbele ya kambi muzima?" Émerence akamgusa goti. "Utanipatia beseni moja ya samaki, yale ya kati, basi. Minyi siko muntu wa tamaa."

Alisema kweli kwamba huruma ilimsukuma, na alisema kweli kwamba alitaka beseni. Lucienne alikubali kwa kichwa. Usiseme wewe ungefanya nini. Nyumba yako ina paa na jina lako limeandikwa mlangoni.

*

Alhamisi asubuhi Glodie alipiga pasi blauzi yake nyeupe ya shule kwa sufuria ya maji ya moto, akaikunja juu ya kiti, karatasi juu yake.

"Kontrole imesukumwa," Lucienne alisema huku akichochea moto. Hakumgeukia. "Muteba amesema. Iko Juma Tatu."

Glodie alisoma karatasi. "Hapa iko Ijumaa."

"Balibadirisha, nakuambia."

"Masere aliandika Ijumaa."

"Masere hajue! Minyi njo mama yako. Kesho unabakia hapa, unapanga samaki, mi nitaenda ku soko. Umesikia?"

Glodie aliirudia karatasi yake. Yeye hakujua kusema uongo, na mtu asiyejua kusema uongo haujui hata ukiletwa mbele yake kwenye sahani. Alichukua kalamu ili abadilishe ile siku, akaishika juu ya karatasi kwa muda mrefu, kisha akaiweka chini bila kuandika. Upande wa pili wa ukuta walisikia Chancelvie anakariri: "Mbili zero ine, saba saba moja…" na mama yake anamkaripia: "Kenda! Kenda tatu! Kichwa yako iko na nini?"

Lucienne alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili kuifunika sauti hiyo. Glodie aliweka sikio ukutani.

*

Ijumaa hangari ya zamani, lile banda la mabati, ilijaa kabla ya saa mbili. Wajane walikaa chini upande wa kushoto, watoto wamesimama safu upande wa kulia, na katikati meza tatu zilizounganishwa. Nyuma ya meza alikuwepo kapiteni mmoja mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akisema Kiswahili alichokiokota Goma, Muteba pembeni yake na orodha, na kijana wa mashine ya picha. Kila mtoto akijibu, anapigwa picha, anapewa kadi. Mashine inalia, kadi inatoka, mama anapiga kigelegele.

Chancelvie alikuwa amevaa kikwembe cha Lucienne na ndara za Glodie. Alisimama katika safu akichezesha mguu. Lucienne alikaa karibu na nguzo na kujaribu kusali, lakini kila alipofika kwenye "tusamehe makosa yetu" alirudi mwanzo.

"Lumbala Glodie!" Muteba aliita. Hakuinua macho.

"Prezanti, mon kapiteni!" Chancelvie aliruka mbele, meno nje.

Kapiteni alitabasamu, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Hapa naona alama ya kuuliza. Wanasema ulikuwa bubu."

"Nilikuwa mugonjwa, mon kapiteni. Sasa nimepona!" Watu wakacheka vizuri; wote walimjua Chancelvie, lakini mbele ya watu wa Kinshasa mjane hamchongei mjane.

"Baba yako?"

"Ajida Lumbala Amédée, mon kapiteni."

"Namba yake?"

"Mbili zero ine, saba saba moja, tatu kenda."

Kapiteni alikuwa tayari ameshika kalamu. Hakuwa anasikiliza namba. Nani anasikiliza namba ya mia na arobaini katika asubuhi moja? Muteba aliisikia, akakohoa, akageuza ukurasa. Kalamu iligusa karatasi. Yote yangekwisha hapo.

"Haiko vile."

Sauti ilitoka mlangoni. Watu waligeuka, na katika kugeuka wakaacha njia wazi. Glodie alikuwa amesimama kwenye mwangaza, blauzi nyeupe, karatasi mkononi, ametoka jasho kama mtu aliyebeba gunia. Alikuwa amevuka kambi nzima peke yake siku ya kontrole, yeye ambaye kwenda bombani ilikuwa safari. Macho ya watu mia mbili yalimwangukia. Lucienne aliona kifua cha mwanawe kinapanda na kushuka, akangoja aanguke, akangoja avume.

Glodie alitazama ukuta wa mabati nyuma ya maofisa na kuanza kutembea. Alihesabu hatua kwa midomo. Alifika mezani, akasimama kando ya Chancelvie bila kumwona, akafungua kinywa.

"Lumbala Glodie, prezanti," alisema. Ilikuwa sauti nzima. "Baba yangu njo Ajida Lumbala Amédée. Namba yake mbili zero ine, saba saba moja, kenda tatu. Kenda tatu, haiko tatu kenda."

Glodie alishusha karatasi. Alikuwa amemaliza mistari minne. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Lucienne hakuwahi kukiona pale, wala hakukijua jina. Kisha akageuka kufanya mstari wa tano: alitembea moja kwa moja mpaka kwenye nguzo, akasimama kando ya mama yake, akashika kikwembe chake begani.

"Nimemaliza," alimwambia.

"Sasa tuna Glodie wawili," kapiteni alisema, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mama, simama. Wewe ndiye mjane wa Lumbala?"

Lucienne alisimama. Mkono wa Glodie ulipanda naye.

"Mwaka huu nimeshafunga wanawake wanne kwa udanganyifu wa namna hii. Wanne. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Huyu hapa mbele yangu ni mtoto wako?"

Chancelvie alirudi nyuma hatua moja. Nyuma ya wajane Émerence alikuwa ameinuka nusu. Muteba alimtazama Lucienne, akafumba macho, akafumbua, na midomo yake ikasema bila sauti: jibu.

"Njo yeye," Lucienne alisema.

"Na huyu aliyekushika?"

Wapo watakaosema alikuwa na muda wa kufikiri. Hakuwa nao. Alikuwa na nyumba, na jela, na mkono mmoja begani wenye joto, na kinywa chake kikachagua kabla yake.

"Ni mutoto ya jirani," alisema. "Akili yake haiko muzuri. Alisikia siye tunajifunza namba ku nyumba, akaishika."

Kapiteni alimtazama Glodie kwa muda. Glodie alikuwa anautazama ukuta.

"Masikini," kapiteni alisema, akarudi kwenye karatasi zake. "Mwendawazimu anaijua namba kuliko mwenye baba. Mtoeni, anaharibu kazi."

Alitia sahihi. Askari mmoja alimshika Glodie mkono kumtoa, na Glodie, ambaye akiguswa na mgeni hupiga kelele hadi mtaa wa pili, hakupiga kelele. Aliachia kikwembe kidole kimoja kimoja. Nyuma yake mashine ya picha ililia, na kadi ikatoka ina jina la Lumbala Glodie na meno ya Chancelvie.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

*

Lucienne alirudi nyumbani mbio, kadi ndani ya sidiria, akiomba maneno ya kusema. Njiani Émerence alimfikia, akihema.

"Tumepona, dada! Mungu iko! Lakini sasa picha iko ya Chancelvie, umeona? Kila kontrole itakuwa yeye tu, mpaka miaka kumi na munane. Mara tano ingine." Akafikiri kidogo. "Beseni moja kila mara, sitaongeza."

Nyumba ilikuwa wazi. Samaki walikuwa kwenye mkeka, wamepangwa, lakini vichwa sasa vimeelekea ukutani. Mkeka wa kulalia wa Glodie haukuwepo, wala blanketi lake, wala kikombe chake cha bati.

Alimkuta upande wa pili wa ukuta. Glodie alikuwa ametandika mkeka wake kwenye baraza la Émerence, ameviringisha blanketi mahali pa mto, kikombe kando, na alikuwa ameketi katikati, amenyoosha mgongo. Wanawake waliotoka bombani walikuwa wamekwisha kusimama, ndoo kichwani, na wengine waliotoka hangarini nao wakaongezeka. Lucienne alipita katikati yao.

"Glodie, mama. Simama turudie nyumbani."

"Nyumba yangu iko hapa," Glodie alisema.

"Hapana, mama. Nilisema vile juu ya… Nilikuwa naogopa. Weye unajua kuogopa, ao hapana? Na mi niliogopa." Lucienne alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wanawake waliomcheka miaka yote, na safari hii hakuna aliyecheka. "Ulisema muzuri sana. Ulisema kuwapita batoto yote. Haya, nisemee tena. Sema jina yako, mama. Sema vile ulisema ku hangari."

Glodie alitoa karatasi yake mfukoni. Mstari wa tatu ulikuwa umefutwa kwa kalamu, na wa tano, na juu yake alikuwa ameandika upya kwa mwandiko wake ulionyooka. Alisimama. Wanawake wote walimtazama, Émerence akafika na kumtazama, Chancelvie katika kikwembe cha watu akamtazama. Glodie aliinua macho akauangalia ukuta uliogawa nyumba mbili.

"Mutoto ya jirani, prezanti," alisema.

Alisema kwa sauti nzima, wote wakasikia, na hakutetemeka hata kidogo.